Nikisafiri, naweza kupangisha nyumba yangu ya New York kwa wageni wa siku chache?

Swali: Mimi ni mpangaji wa nyumba ya vyumba viwili, jengo la ghorofa sita, Bronx. Kodi yake ya pango inadhibitiwa na sheria (rent stabilized). Desemba nakwenda Mombasa wiki sita. Naweza kuiweka Airbnb, mtandao wa kupangishia wageni, ili nipate hela ya kodi?

Jibu: Kwa wageni wa siku chache, hapana. Tangu Septemba 2023 jiji linatekeleza Sheria Namba 18 ya 2022. Anayepokea wageni kwa chini ya siku 30 lazima asajiliwe, akae humo humo nao, na wasizidi wawili. Wewe utakuwa Mombasa. Na hata ungekuwepo, nyumba yenye kodi inayodhibitiwa haisajiliwi kabisa. Faini yaweza kufika dola 5,000.

Ukali huu una sababu. Utafiti wa jiji wa 2023 ulikuta asilimia 1.41 tu ya nyumba za kupanga ziko wazi. Nyumba inayolaza watalii mwaka mzima imeondolewa kwa wakazi. Chumba kimoja, mwenyewe akiwepo, hakimwondoi mtu. Sheria hii peke yake haitashusha kodi, maana upungufu mkubwa ni wa ujenzi, lakini naiunga mkono.

Njia halali kwako ni kumpangishia mtu mmoja kwa wiki zote sita. Usigawe wiki tatu kwa huyu na tatu kwa yule: kila mmoja atakuwa chini ya siku 30, na umerudi kwenye kosa lile lile.

Kwa kuwa jengo lina nyumba nne au zaidi, una haki ya kuomba ridhaa ya mwenye nyumba ili umpangishie mtu huyo. Angalau siku 30 kabla, mwandikie kwa barua ya posta yenye uthibitisho (certified mail) na stakabadhi ya kupokelewa. Taja muda, jina na anwani ya atakayeingia, sababu ya kuondoka na anwani yako ya Mombasa. Ambatisha mkataba wako, rasimu ya mkataba mpya na ridhaa ya maandishi ya mpangaji mwenzio au mdhamini, kama wapo. Ana siku 10 za kudai maelezo zaidi na 30 za kujibu, akinyamaza, amekubali.

Wengi huangukia kwenye bei. Usitoze zaidi ya kodi yako halali, na nyongeza ya asilimia 10 tu ukiacha fanicha. Ukizidisha, unaweza kupoteza nyumba yenyewe. Amana isizidi kodi ya mwezi mmoja.

Mchague mtu kwa makini. Akishakaa siku 30 analindwa kama mpangaji: asipotoka huruhusiwi kubadilisha kufuli, mpaka mahakama iamue. Tarehe ya kutoka iwe kwenye mkataba, nawe utunze tiketi ya kurudi ikithibitisha kwamba hapo ndipo makazi yako.

Barua itoke kabla ya katikati ya Oktoba, kwani akidai maelezo, siku 30 huhesabiwa upya tangu uyatume.