Kabla hujausifia mlima: kwa wanaoanza kuchunguza maca

Siku za mwanzo maabara utapewa mifuko miwili ya unga wa maca (zao la mizizi la milima ya Andes), mmoja wa shamba la juu na mwingine wa chini, uambiwe utafute tofauti. Utaipata. Ila usikimbilie kusema imeletwa na mwinuko.

Nyanda za Junín nchini Peru, penye mita 4,000 na ushei juu ya usawa wa bahari, usiku huganda na mchana jua huchoma. Ukizoea hali hiyo utaona kila kemikali ya mzizi ni kinga dhidi ya mateso ya mlima. Tazama rangi kwanza. Maca ya njano, nyekundu na nyeusi hazilingani kwa glukosinoleti (kemikali zenye salfa zinazoupa mzizi ukali) hata zikitoka shamba moja. Kama juu wamepanda nyeusi na chini njano, umepima rangi tu. Udongo nao uulizie: shamba lililopumzishwa miaka mingi si sawa na lililolimwa msimu uliopita.

Wengi hupotelea kwenye ukaushaji. Mzizi mbichi una glukosinoleti tele, lakini makamaidi, kemikali za maca zinazotajwa sana na wauzaji, karibu hazimo. Wakulima wakishavuna huianika maca nje kwa wiki kadhaa. Usiku inaganda, mchana inayeyuka, seli zinapasuka, na kimeng'enya kinazifikia glukosinoleti kuzivunja. Humo hupatikana benzilamini, ambayo huungana na asidi za mafuta kuwa makamaidi. Kwa hiyo mlima unaendelea kuubadilisha mzizi uliokwisha kung'olewa! Ukikausha mavuno hayohayo kwenye oveni utapata majibu mengine.

Basi gawanya mavuno ya kila shamba. Sehemu igandishwe papo hapo shambani, sehemu ianikwe kienyeji. Ukiwa na nauli, peleka mizizi ya chini ikaanikwe juu, na ya juu ikaanikwe chini. Jaribio hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Maabara, tumia methanoli ya moto ili kimeng'enya kife kabla hakijakuharibia sampuli, na andika matokeo kwa uzito mkavu, maana maji hutofautiana mno.

Unga wa Yunnan, China, usiufanye mfano wa "maca ya chini". Mbegu, udongo, urefu wa mchana na ukaushaji vyote vimebadilika kwa pamoja, na hakuna hesabu ya takwimu itakayokutenganishia mwinuko humo.