Kilele cha Hispania, kimo cha Horombo

Wiki hii mmeuliza: kisiwa gani ulikwenda kwa ajili ya ufukwe, ukakuta cha maana kiko kwingine? Kwangu ni Tenerife, kisiwa cha Hispania kilicho baharini magharibi ya Moroko. Wajerumani ninaofanya nao kazi hukimbilia huko majira ya baridi kuota jua, na Januari moja mimi na mdogo wangu tukafuata mkumbo. Siku ya tatu tukachoka kulala mchangani kama samaki wa kuanika. Tukakodi gari, tukapanda Teide.

Sisi ni watu wa Marangu, chini ya Kilimanjaro, kwa hiyo tulikwenda na dharau kidogo. Teide ndio mlima mrefu kuliko yote Hispania: mita 3,715. Kambi ya Horombo kwenye njia yetu ya Marangu iko mita 3,720. Yaani kilele chao ni pale wageni wetu wanapolala usiku wa pili, na Kibo, kilele chetu, bado hawajakigusa. Mdogo wangu alikuja na kandambili.

Barabara inaanzia karibu na migomba, inaingia msitu wa misonobari, na humo tukakutana na ukungu mzito. Mvua hakuna, lakini chini ya miti ardhi imelowa chepechepe. Upepo wa kaskazini-mashariki husukuma mawingu kutoka baharini, na majani ya misonobari, marefu kama sindano za kushonea magunia, huyanasa hadi maji yakadondoka. Dakika chache baadaye tumetoboa juu, jua kali, mawingu yote yamelala chini yetu.

Kosa letu lilikuwa kuanza na kile kibehewa kinachoning'inia kwenye waya. Kinakutoa mita 2,356 hadi 3,555 kwa muda wa dakika nane hivi. Kichwa kilinigonga kama ngoma. Baba yetu alikuwa mpagazi, maisha yake yote akihubiri "polepole", nami nimepaa dakika nane! Halafu njia ya kumalizia kileleni inahitaji kibali cha kuombwa mapema, ambacho hatukuwa nacho. Tukageuzwa.

Ndiyo bahati yetu, maana tuliporudi chini ndipo tulipoiona Teide. Uko ndani ya bakuli kubwa liitwalo Las Cañadas, upana wake unafika kilomita 17 hivi. Palikuwa na mlima mwingine kabla yake, ukaporomoka, na Teide ukaota ndani ya shimo lililobaki. Tulizunguka kwa miguu miamba ya Roques de García, mwendo wa saa mbili hivi, mdogo wangu akilalamika juu ya kandambili zake kila hatua. Mmoja wa miamba hiyo, Roque Cinchado, ni mwembamba chini na mnene juu, unashangaa umesimamaje. Zamani ulichorwa kwenye noti ya peseta 1,000.

Ukiangalia vizuri, rangi za mawe zinakupa umri wake. Lava ya zamani imekuwa kahawia, ya karibuni bado nyeusi kama lami iliyomwagwa jana. Ubavuni kuna matundu wanayoyaita pua za Teide, yaliyotapika miezi mitatu mwaka 1798. Mlipuko wa mwisho wa kisiwa ulikuwa Chinyero, Novemba 1909, siku kumi. Waguanche, wenyeji wa kale kabla ya Wahispania, waliamini kuna pepo mbaya, Guayota, aliyefungiwa humo ndani. Nikiyatazama yale matundu, siwalaumu.

Kuna mmea mmoja, tajinaste, unaosimama kama mnara mwekundu wa maua, hadi mita tatu. Huchanua Mei na Juni. Sisi tulikuta mabua makavu tu. Hata hivyo yalinikumbusha lobelia za nyumbani, na nikapiga picha nyingi kuliko nilizopiga za bahari wiki nzima.

Mkienda, anzeni na bakuli kwa miguu, kile kibehewa kama nguvu na hela zimebaki. Na vaeni viatu.

Jioni tulimtumia baba picha ya kilele pamoja na kimo chake. Alikaa kimya saa nzima, kisha akajibu: "Nimeona. Horombo bila uji."