Kwa wadogo zangu mnaoanza kuwahudumia wazee wa Kiyahudi

Juzi nilimkuta mhudumu mpya amezima jiko la kupashia chakula Ijumaa usiku, kwa nia njema ya kubana umeme, na kesho yake wazee wetu wakala chakula cha Sabato kikiwa baridi, maana siku ya Sabato hawawashi moto wala umeme. Nilicheka, kisha nikaudhika, kwa kuwa kosa hilo naliona kila mwaka tangu nianze kazi hii hapa London.

1. Siku yao huingia magharibi, na mtu wa pwani hapaswi kulishangaa hilo, kwani kwake Alhamisi jua likizama ni usiku wa Ijumaa tayari. Mishumaa ya Sabato kwa kawaida huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama. Baada ya hapo mzee hatakuagiza uwashe taa. Atasema tu kwamba chumba kina giza, nawe uelewe.

2. Msitegemee tarehe za mwaka jana. Miezi yao hufuata mwandamo, lakini huongezwa mwezi mmoja mara 7 katika kila miaka 19, ndiyo maana Pasaka yao haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani.

3. Pasaka. Mwaka wangu wa kwanza jiko lilisuguliwa kwa majuma mawili, nami nikidhani ni usafi wa kawaida uliopita kiasi. Usiku mmoja kabla ya sikukuu kuingia walipita na mshumaa, unyoya na kijiko cha mti wakitafuta chachu, yaani chakula chochote cha nafaka kilichoumuka, ambacho hakitakiwi nyumbani siku za Pasaka, na bibi mmoja, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, ndiye aliyeshika mshumaa. Walipokwisha kulala, njaa ikanibana, nikatoa maandazi yangu mawili mkobani, nikayapasha kwenye maikrowevu iliyokwisha kutakaswa. Asubuhi msimamizi wa kosheri, yaani sheria zao za chakula, alikuta chembe ya andazi na sukari juu ya sahani ya kioo. Hakufoka. Alieleza tu kwamba chombo hicho kingepaswa kukaa saa 24 bila kutumika kabla ya kutakaswa upya, na sikukuu ilikuwa inaingia jioni hiyo, basi akakifunga kwa utepe kwa siku zote 8. Meza zilisuguliwa upya, nami nikiwa wa kwanza kushika kitambaa, nikiomba ardhi inimeze, huku yule bibi akiinamia kila pembe kana kwamba hakuikagua jana yake.

4. Msiwapelekee ugali siku hizo. Najua mahindi hayaumuki; hata hivyo wazee wa Kiashkenazi, wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huyaacha, pamoja na mchele na maharage, ingawa Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wengi wao hula wali. Nilibishana na bibi yuleyule kuhusu jambo hili, na alinishinda. Mwaka uliofuata, usiku wa kutafuta chachu, alinisubiri mlangoni mwa jiko, akaupapasa mkoba wangu kwanza, kisha akanikabidhi unyoya.