Barua kwa Mwanangu: Violet na Neno "Nakupenda"

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako la jana limeninyima usingizi. Unauliza kama Violet Evergarden, yule msichana wa katuni ya Kijapani, alimpenda kweli Meja Gilbert, kamanda wake vitani, au ni mtoto aliyezoea amri akadhani kutii ndiko kupenda.

Mwanzoni ni kutii, sibishi. Mtoto anakabidhiwa kwa Gilbert kama silaha, hata jina hana. Gilbert ndiye anampa jina na kumfundisha kusoma na kuandika. Vita vinaisha hana mikono yote miwili, na neno la mwisho alilolisikia kwa Meja, "nakupenda", hajui lina maana gani. Hospitalini anachodai ni amri mpya.

Baada ya vita anapata kazi ya kuwaandikia watu barua, na mimi nilianza kumwamini pale alipoiharibu kazi hiyo. Unamkumbuka yule mteja aliyetaka kumringia kidogo bwana aliyekuwa akimfuata? Violet, kwa vidole vyake vya chuma, akapiga taipu barua kavu kama hati ya madai. Kitumbua kikaingia mchanga! Nilicheka, maana yalishanikuta.

Kabla hujazaliwa nilikuwa karani wa taipu, na jioni majirani wasiojua kuandika walikuwa wakija na barua zao. Mama mmoja, mumewe yuko mbali kikazi, akaniambia, "Mwandikie paa linavuja, upande ule anaolala yeye." Nikaandika paa linavuja. Nilipomsomea akanyamaza, kisha akasema, "Mbona hujaweka upande anaolala yeye?" Mimi nilikiruka nikiona hakina kazi.

Violet naye aliruka vingi vya namna hiyo mpaka sikio lake likafunguka. Unajua sehemu ya kumi siiwezi: Clara, mama mgonjwa, anamwandikisha barua 50 za bintiye Ann, moja kwa kila siku ya kuzaliwa miaka 50. Violet anajikaza siku zote akiwa nyumbani kwao. Akirudi ofisini analia mpaka anatetemeka, kwa sababu ya mtoto wa watu atakayebaki peke yake. Nani alimwamuru kulia?

Kwa hiyo mimi naona hakujifunza kupenda kwa Meja. Alijifunzia kwa wateja, ndipo akageuka nyuma akaelewa aliambiwa nini siku ile.

Na kama bado unabisha, itazame tena ile filamu ya 2020. Gilbert, aliyedhaniwa kafa vitani, kumbe yu hai, kajificha kisiwani, hatia inamtafuna. (Yule mwanaume aliniudhi, niseme ukweli.) Violet anasafiri mpaka mlangoni kwake, mvua inamnyeshea, naye hafungui. Siku inayofuata Violet anamwachia barua ya shukrani, anapanda meli aende zake. Ndiye yuleyule aliyekuwa hawezi kupiga hatua bila kuambiwa na Meja.

Yaliyofuata unayajua. Ukija likizo tutaitazama wote, ila safari hii usinilalie begani nusu ya filamu.

Mama yako