Plazma bila bajeti ya mabilioni: jibu kwa mdau wa uhandisi umeme

Mkuu, umemaliza uhandisi umeme, umeipenda plazma (gesi yenye joto au umeme mkali kiasi kwamba atomi zake zimegawanyika kuwa chembe zenye chaji), na umeuliza mambo mawili. Kwanza, mtu wa huku kwetu ataishije na fani hii wakati ITER, mtambo wa majaribio wa muunganiko wa nyuklia kule Ufaransa, inajengwa na mataifa makubwa kwa mabilioni ya yuro? Pili, ushirikiano na maprofesa wa nje una faida gani, au tunaishia kuwakusanyia watu data? Waliotangulia kukujibu wamekushauri uende kwenye sola. Sola ni nzuri, ila wewe hukuuliza sola.

Mimi uzamili nilisomea Malaysia, kwenye maabara yenye mashine inayoitwa plazma fokasi. Historia ya mashine ile ndiyo jibu la maswali yako yote mawili, na inaanza na profesa mmoja, Sing Lee, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Malaya, Kuala Lumpur.

Zamani mwanasayansi kijana wa Afrika au Asia alikuwa akialikwa Ulaya, anakaa miezi kadhaa kwenye maabara yenye kila kitu, anarudi na cheti na pengine makala moja. Akifika kwao hakuna kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme), hakuna pampu ya vakyumu, oskiloskopu iliyopo imekufa. Basi anafundisha mwaka wa kwanza mpaka anastaafu. Lee aliliona hilo, na mwaka 1985 hadi 1986 akaendesha mafunzo ya miezi sita Kuala Lumpur kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa (UNU) na ICTP ya Trieste, Italia. ICTP ndicho kile kituo alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Walikuja watu kutoka Misri, Nigeria, Sierra Leone, Pakistan, Indonesia na kwingineko. Hawakukaa darasani kusikiliza mihadhara tu. Waliunda mashine, wakaiwasha, wakaipima, na makala iliyotoka 1988 kwenye American Journal of Physics ina majina ya wenyeji na ya wageni pamoja. Baadaye seti za mashine hiyo hiyo zikafungwa kwenye vyuo vya nchi kadhaa. Jina lake rasmi ni UNU/ICTP PFF.

Sasa sikiliza ilivyosanifiwa, maana hapa wewe mhandisi ndipo utakapoelewa vizuri kuliko mwanafizikia. Ina kapasita moja tu ya mikrofaradi 30, inachajiwa hadi volti 15,000. Piga hesabu ya nusu CV mraba, utapata juli 3,375. Nishati hiyo haipandishi joto la kikombe cha chai hata nyuzi tano. Lakini hapa inatoka ndani ya mikrosekunde kama tatu, na mkondo unafika karibu ampea 170,000. Katikati kuna anodi ya shaba yenye urefu wa sentimita 16, imezungukwa na fimbo sita za kathodi, na chini kuna bomba fupi la kioo kigumu linalotenganisha hizo mbili. Gesi ndani ni kidogo, chini ya asilimia moja ya shinikizo la angahewa. Cheche inaanzia kwenye uso wa kioo, nguvu ya sumaku ya mkondo wenyewe inausukuma utando wa plazma hadi ncha ya anodi, kisha utando unajibana kuelekea katikati. Mbano huo unadumu nanosekunde chache tu, lakini joto linafika mamilioni ya nyuzi. Ukiweka gesi ya deuteri (haidrojeni nzito) badala ya argoni, unapata nyutroni kama milioni 100 kwa risasi moja, yaani kila kapasita inapofyatua umeme wake. Muunganiko wa nyuklia, kwenye meza, chumba cha kawaida!

Kwa nini kapasita moja? Mashine kubwa zina benki ya makapasita mengi na swichi nyingi zinazotakiwa kuwaka kwa wakati mmoja, na kuzioanisha kunakula fedha na watu. Lee alikubali kupoteza ukubwa ili apate urahisi. Swichi yake ni pengo la cheche lililo wazi hewani, unalifungua kwa spana. Likichakaa unalisugua kwa msasa, unapima nafasi upya, unaendelea. Koili ya Rogowski ya kupimia mkondo tulikuwa tunaifunga wenyewe kwa mkono. Kioo kikipasuka unatafuta kingine cha kipenyo hicho hicho. Fundi wetu wa maabara, mzee mmoja mpole sana, alikuwa anaibomoa na kuirudisha ile mashine bila kuangalia mchoro. Na kila ukifungua chemba lazima ukubali risasi kadhaa za mwanzo ziwe mbovu mpaka kioo na shaba vizoee. Hilo hata profesa halikwepi.

Nina uzoefu wa upande wa pili pia. Niliwahi kuwa kwenye mradi na maabara moja ya Ulaya, jina sitalitaja. Sisi tulituma data, wao walichambua, makala zikatoka. Tulipoomba programu ya uchambuzi tukaambiwa ni ya ndani. Mradi ulipokwisha, hakuna kilichobaki kwetu isipokuwa barua pepe za kutakiana heri. Hawakuwa watu wabaya. Hivyo ndivyo mkataba ulivyoandikwa, na sisi ndio tuliousaini.

Kwa hiyo profesa wa nje akikufuata, usiulize kwanza posho na tiketi. Uliza mradi ukiisha kifaa kinabaki wapi, na kikiharibika nani hapa nyumbani anajua kukifungua.

Matokeo ya njia ya Lee yanaonekana. Mwaka 1988 uliundwa mtandao wa mafunzo ya plazma wa Asia na Afrika, AAAPT. M. Zakaullah, mmoja wa waliokuwa Kuala Lumpur, alijenga kundi kubwa la utafiti Chuo Kikuu cha Quaid-i-Azam, Islamabad. Chuo Kikuu cha Zimbabwe nacho kilipata mashine na kutoa makala. Lee mwenyewe alihamia Singapore, na huko kundi lake likaunda NX2, inayopiga risasi 16 kwa sekunde ikitumia neoni kutoa eksirei laini (zenye nishati ndogo).

Ila usije ukadanganywa kwamba plazma fokasi itawasha taa kijijini. Ukizidi kuongeza nishati ya benki, nyutroni haziongezeki kwa kiwango kile kile, zinaanza kugoma. Ni kifaa cha kufundishia, cha eksirei, na cha kujaribia vifaa vya reakta. Pia si kila mashine iliyosafirishwa inafanya kazi leo, na deuteri ni ghali kuipata. Pale kwetu tuliitumia kwa kuibania, kazi nyingi ilikuwa argoni.

Kilichonivutia zaidi ni alichofanya baada ya kustaafu. Lee alikuwa na modeli ya kompyuta ya plazma fokasi aliyoikuza kwa miaka mingi. Aliiweka kwenye Excel, akaigawa bure, na mwaka 2008 akaanza kuendesha warsha kwa intaneti. Mwaka huo huo yeye na S. H. Saw walichapisha matokeo kwamba ukipunguza induktansi ya saketi (tabia yake ya kupinga mkondo kubadilika ghafla) kupita kiwango fulani, mkondo wa mbano hauongezeki tena. Wengi tulidhani kuipunguza ni faida siku zote. Hilo lilitoka kwenye lahajedwali, mkuu.

Kwa hiyo anzia hapo, huhitaji hela. Tafuta modeli ya Lee, ingiza vipimo vya UNU/ICTP PFF: induktansi nanohenri 110, kapasita mikrofaradi 30, anodi ya nusu kipenyo milimita 9.5, kathodi milimita 32. Kisha chukua mchoro wa mkondo uliopimwa kwenye makala yoyote, na urekebishe vigezo vinne vya modeli, vya uzito wa gesi inayosukumwa na vya mkondo, mpaka mstari wako ulale juu ya ule wao. Ukiweza hilo utakuwa na kitu cha kumwonyesha profesa kabla hujamwomba nafasi. Fuatilia pia matangazo ya ICTP, na tawi lake la Kigali, EAIFR, lililofunguliwa 2018, ambalo liko karibu nawe kuliko Trieste.

Na kama siku moja utasimama mbele ya kapasita halisi, hakikisha fimbo ya kuondoa chaji ipo na waya wake wa ardhi umefungwa. Kilojuli tatu zinaua mtu mzima bila shida, hata kama umeme umekatika saa nzima iliyopita. Ukikwama kwenye Excel, weka picha ya mstari wako hapa, nitauangalia.