Saa Nane ya Nani? Ushauri kwa Anayetafiti Kiharusi kwa Picha za Ubongo

Ndugu wa mgonjwa anaulizwa: alionekana mzima mara ya mwisho lini? Anajibu kwamba alikwenda kulala saa mbili usiku, hana neno. Mwenye fomu, ambaye kutwa nzima anaandika kwa mtindo wa saa 24, anajaza 02:00. Picha inapigwa saa 05:30 alfajiri. Kwenye jedwali mgonjwa huyo ana saa 3 na nusu tangu apate kiharusi. Kwa kweli huenda zimefika 9 na nusu. Picha yake ya CT (eksirei inayopiga ubongo kipande kwa kipande) inaonyesha eneo jeusi lililokwisha kukomaa, na mtafiti anaanza kushangaa jinsi ubongo huu ulivyoharibika haraka. Hakuna cha kushangaza hapo. Ni saa ya Kiswahili iliyosomwa kizungu.

Kosa hilo la saa sita lingekuwa dogo kama ugonjwa wenyewe haungehesabiwa kwa saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu. Majaribio mawili ya mwaka 2018, DAWN na DEFUSE 3, yalichukua wagonjwa kuanzia saa ya 6, moja hadi saa ya 24 na jingine hadi ya 16, yakitumia picha kuchagua nani azibuliwe mshipa. Ukikosea saa sita, umemhamisha mtu kutoka kundi moja hadi jingine. Kwa hiyo kabla hujagombania mashine na programu za kuchakata picha, shughulikia fomu.

Weka nafasi mbili. Ya kwanza andika maneno ya ndugu kama alivyoyasema: "saa nane usiku, usiku wa kuamkia Jumanne". Ya pili geuza: Jumanne, 02:00. Usimruhusu mtu ajaze ya pili bila ya kwanza, maana hiyo ya kwanza ndiyo itakayokuokoa miezi sita baadaye unapokagua. Neno "kuamkia" liulizwe kila mara. Wapo wanaohesabu usiku kuwa wa siku inayofuata na wapo wanaouhesabu kuwa wa siku iliyopita. Ukiandika "Jumatatu usiku" tu, unaweza kukosea siku nzima. Ndugu asipokuwa na uhakika, msaidie kwa vitu vinavyojulikana saa yake: adhana ya alfajiri, taarifa ya habari, watoto kutoka shule. Chombo bora kuliko vyote ni simu ya mgonjwa. Simu ya mwisho aliyopokea na kuongea vizuri, au ujumbe wa kutuma pesa alioufanya mwenyewe, una saa na dakika. Omba ruhusa, uangalie pamoja na ndugu.

Tena, uliza alionekana mzima lini, siyo aligunduliwa lini. Aliyekutwa ameanguka saa 06:00 hakupata kiharusi saa 06:00.

Saa ya pili ya kutilia shaka ni ya mashine. Kompyuta ya CT inaweza kuachana na saa halisi kwa dakika kadhaa, hasa kama haijaunganishwa na mtandao, na ya MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ikawa na tofauti yake. Mara moja kwa wiki linganisha zote na simu yako na uandike tofauti kwenye daftari. Usirekebishe saa katikati ya utafiti bila kuandika siku uliyorekebisha. Ndani ya faili ya DICOM, yaani faili ambalo mashine huhifadhia picha, kuna saa zaidi ya moja: ya kuanza uchunguzi, ya mfululizo (seti ya picha za aina moja), na ya kunasa picha yenyewe. Chukua hii ya mwisho.

Sasa picha zenyewe. CT bila dawa ya mishipa, ile inayochomwa ili mishipa ionekane, ndiyo ya kwanza kwa sababu inajibu swali moja upesi: kuna damu iliyovuja au hakuna? Damu mbichi huwa na takriban vipimo 60 hadi 80 vya Hounsfield, kipimo cha weupe kwenye CT, ilhali sehemu ya kijivu ya ubongo iko kwenye 35 hadi 40 hivi, kwa hiyo damu huonekana nyeupe. Ila weupe huo unatokana na himoglobini. Mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, akiwemo wa selimundu, anaweza kuvuja damu ikaonekana karibu sawa na ubongo. Andika himoglobini kwenye fomu ileile. Na mashine ijaribiwe asubuhi kwa chombo cha maji: maji yanatakiwa kusoma 0, na yakipita 5 juu au chini, usipime mgonjwa wa utafiti mpaka irekebishwe.

Kwa mshipa ulioziba, CT ya saa za mwanzo mara nyingi huonekana safi. Mtu asiandike "hakuna kiharusi". Aandike "hakuna damu, hakuna dalili za mapema". Dalili hizo za mapema zinatafutwa kwenye dirisha jembamba (kiwango cha weupe kinachoonyeshwa kwenye kioo), upana 40 na kitovu 40: mpaka wa kijivu na nyeupe kufutika kwenye insula (mkunjo wa ubongo uliojificha ubavuni), kiini cha lentifomu kilicho ndani zaidi kupoteza umbo, mshipa wa kati wa ubongo kuwa mweupe kupita mwenzake wa upande wa pili. Huo mshipa mweupe hupotea ndani ya vipande vya milimita 5. Unahitaji vya milimita 1, na hapa ndipo tafiti nyingi hufia kimyakimya: vipande vyembamba hubaki kwenye kompyuta ya mashine, diski inajaa, vinafutwa, na hifadhi ya hospitali inabaki na vya milimita 5 peke yake. Vihamishe siku hiyohiyo. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp inafaa kumwamsha daktari bingwa usiku. Haifai kupimia chochote.

Kwetu wagonjwa wengi huchelewa, na kuchelewa kuna mitego yake ambayo miongozo iliyoandikiwa hospitali ambazo mgonjwa hufika ndani ya saa moja haisemi sana. Damu iliyovuja hupungua weupe siku hadi siku; kati ya wiki ya kwanza na ya tatu inaweza kufanana na ubongo, kisha ikawa nyeusi. Mvujo mdogo unaweza kupoteza alama yake kwenye CT ndani ya siku 10 hivi. Aliyepigwa CT ya kwanza wiki ya tatu akaandikwa "mshipa kuziba" anaweza kuwa alivuja damu. Utafiti unaotaka kugawa aina mbili za kiharusi uweke kikomo cha siku 7, na wanaozidi hapo waandikwe "aina haijulikani" bila aibu. Kama kuna MRI, mfululizo wa T2* au SWI, ambao ni mwepesi kuhisi chuma, huona mabaki ya chuma cha damu hata baada ya miaka. Upande wa mshipa kuziba, wiki ya pili na ya tatu huja kitu kama ukungu: eneo lililokufa hurudi kuonekana karibu la kawaida kwenye CT. Usipime ukubwa wa kidonda wiki hizo. Ngoja mwezi upite.

Kwenye MRI, mfululizo wa diffusheni, unaofuata mwendo wa maji ndani ya ubongo, ndio mfalme, kwani hubadilika ndani ya dakika. Soma picha ya b 1000 (ya diffusheni yenyewe) pamoja na ramani ya ADC (hesabu ya mwendo huo wa maji), kamwe usisome moja pekee: kidonda kipya ni cheupe kwenye ya kwanza na cheusi kwenye ya pili. Kikiwa cheupe kote kuwili, huenda ni cha zamani kinachoangaza kwa T2 yake, yaani kwa maji yaliyomo, siyo kwa diffusheni. Weusi wa ADC hudumu takriban wiki, kisha hurudi kawaida. FLAIR, mfululizo mwingine wa MRI, huchelewa kuonyesha kidonda kwa saa kadhaa, na jaribio la WAKE-UP la 2018 lilitumia pengo hilo kwa walioamka na kiharusi: diffusheni ikiwaka na FLAIR ikiwa bado kimya, kuna uwezekano mkubwa saa 4 na nusu hazijapita. Hata hivyo takriban wagonjwa 7 kati ya 100 wenye kiharusi cha kuziba hawaonyeshi kitu kwenye diffusheni ya mapema, zaidi wale wa mishipa ya nyuma. Na vitu vingine huiga: sukari kushuka, kifafa kirefu, jipu la ubongo. Pima sukari kidoleni kabla ya kumlaza.

Mpangilio wa mifululizo usinakiliwe kutoka utafiti wa watu wazima wa afya. Wao huanza na T1 ya pande tatu, picha ya umbo la kichwa, ya dakika 5. Mgonjwa wa kiharusi amechanganyikiwa, hawezi kutulia, na ukifika dakika ya 12 amekwisha geuza kichwa. Anza na diffusheni, kisha T2* au SWI, kisha FLAIR, T1 iwe ya mwisho. Akishindwa njiani, umekwisha pata kilicho muhimu. Mlangoni uliza pini za hijabu, waya ndani ya nywele za bandia, na hirizi. Hirizi iulizwe kwa heshima na faraghani, kwani mara nyingine imefungwa kwa bati na ndugu hataitaja mbele za watu.

Kwa CT ya mtiririko wa damu, kanula (mrija mdogo wa mshipani) iwe ya geji 18 au 20, mkono wa kulia. Ukitumia wa kushoto, dawa iliyojaa kwenye mshipa mkubwa wa kifuani inaweza kuleta michirizi inayoharibu picha za mishipa ya shingo. Endelea kunasa kwa sekunde 60 hadi 70. Mwenye moyo dhaifu dawa humfikia kwa kuchelewa, grafu ya dawa hiyo inakatwa kabla haijashuka, na programu inatoa tarakimu zenye uhakika wa uongo. Mtiririko ulio chini ya asilimia 30 ya ule wa upande usio na kiharusi huhesabiwa kuwa kiini kilichokufa, lakini picha ikipigwa mapema sana programu huweza kuita kiini eneo ambalo lingepona. Angalia grafu kabla ya kuamini rangi.

Mvujo wa damu hupimwa kwa hesabu ya mkono: urefu mara upana mara kina, gawa kwa 2. Sentimita 5 kwa 4, vipande 6 vya milimita 5, yaani kina cha sentimita 3, ni mililita 30. Kipande chenye chini ya robo ya eneo kubwa kabisa kisihesabiwe. Cha robo hadi robo tatu kihesabiwe nusu. Wasomaji wawe wawili, kila mmoja peke yake, bila kujua hali ya mgonjwa ilivyokwisha.

Na kumbuka ni nani hayumo kwenye picha zako. Utafiti wa wilaya ya Hai na Dar es Salaam, Tanzania, ulioanza 2003 na kuchapishwa 2010 ulitafuta wagonjwa vijijini na mitaani, na waliokufa kabla ya kufikiwa uliwatafuta kwa kuhoji familia. Baada ya kusawazisha umri ulipata visa vipya 108.6 kwa watu 100,000 kwa mwaka Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Anayehesabu waliofika kwenye CT tu anahesabu walionusurika njiani na waliomudu bili. Andika idadi ya waliopokelewa bila kupigwa picha, na sababu ya kila mmoja.

Mwisho wa kazi, unapofuta majina ili kushirikisha data, futa pia sura, kwa kuwa T1 ya pande tatu inaweza kujengwa ikawa uso wa mtu. Tarehe nazo zitafutwa. Kabla ya hapo ongeza safu moja: dakika tangu mgonjwa alipoonekana mzima hadi kipande cha kwanza, zikihesabiwa kutoka ile nafasi ya pili ya fomu, tofauti ya saa ya mashine ikiwa imeondolewa.