Mchicha juu ya mawe

SWALI: Ninaishi Makunduchi, na uwanja wa nyuma ya nyumba yangu ni mawe yenye udongo kidogo. Nilimwaga mbegu za mchicha juu ya samadi mbichi ya ng'ombe. Ukachipua, kisha ukakauka wote. Nianze vipi upya, na je, nipande na tungule (nyanya)?

JIBU: Pole sana, dada yetu. Samadi mbichi huunguza mizizi michanga, kwa hiyo iache kivulini miezi miwili au mitatu, mpaka iwe nyeusi, imomonyoke mkononi na isiwe na harufu kali.

Mawe hayo unayoyalalamikia ndiyo yatakayokujengea tuta. Yapange kwa upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila ya kuukanyaga udongo, na kimo cha sentimita 30, kisha jaza ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza. Mchanga wa pwani usiutie kabisa, kwa sababu ya chumvi yake.

Mbegu za mchicha ni ndogo mno na zikizikwa chini sana hazitoki. Zichanganye na udongo mkavu uliochekechwa, uzinyunyize katika vifereji vya kina cha nusu sentimita, na ufunike tuta kwa kuti la mnazi, utakaloliondoa mara tu miche itakapochomoza. Mwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki nne hivi utachuma, na ukikata ukabakisha majani machache chini, shina litachipua tena.

Tungule, kwa maoni yetu, zisubiri: zinataka kitalu, na maradhi yake huzidi wakati wa masika.